Matin wa Lugha na Barua Tusizozisoma

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, Magwagwa



Katibu aliniomba niseme juu ya barua za onyo, na nitazisema. Lakini nitaanzia mbali kidogo, katika mji wa Dhaka, upande wa Bengali. Mtanivumilia, maana safari yenyewe inarudi hapa hapa.

Mwaka wangu wa kwanza wa kibarua, katika shamba ambalo jina lake nitaliacha, karani alinisukumia karatasi ya Kiingereza akasema, "Weka sahihi hapa, ni ya posho." Nikaweka. Baada ya miezi miwili nikaambiwa kwamba ile ilikuwa onyo la pili, na sahihi ni yangu mwenyewe. Kazi ikaisha siku ile. Nilikuwa na mikono miwili na nguvu za kuchuma chai kuliko wengi, nikashindwa na karatasi moja.

Basi sikieni ya Dhaka. Nchi ya Pakistan ilizaliwa mwaka 1947 ikiwa na vipande viwili, kimoja magharibi na kimoja mashariki, na katikati ardhi ya India zaidi ya kilomita 1,600. Watu wa mashariki, Wabengali, walikuwa zaidi ya nusu ya watu wote wa nchi. Lakini stempu, pesa na fomu za serikali zilitoka bila Kibengali. Fikirini mkulima anayetuma hundi ya posta kwa mwanawe, na fomu hawezi kuisoma. Fikirini kijana anayetafuta kazi serikalini, naye lazima ashindane kwa lugha ya mwenzake aliyeinyonya kwa mama yake.

Mwezi wa Februari 1948 mbunge mmoja, Dhirendranath Datta, aliomba Kibengali kiruhusiwe katika Bunge la Katiba. Akakataliwa. Mwezi uliofuata mkuu wa nchi, Bwana Jinnah, alikwenda Dhaka akatangaza kwamba lugha ya taifa itakuwa Kiurdu tu. Aliporudia maneno hayo mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu, wengine walipaza sauti papo hapo wakasema, "Hapana!"

Mwanafunzi ninayetaka mumjue ni Abdul Matin. Alizaliwa mwaka 1926, mtu wa Sirajganj. Mwaka 1950 alikuwa mwitishaji wa kamati ya lugha ya Chuo Kikuu cha Dhaka. Kwa miaka miwili kazi yake ilikuwa ile ile tunayoijua katika chama: mikutano midogo, karatasi za kugawa, michango ya senti. Hakuna anayeiimba kazi hiyo, lakini pasipo hiyo hakuna mgomo.

Tarehe 27 Januari 1952 Waziri Mkuu Nazimuddin alirudia yale yale ya Kiurdu tu. Wanafunzi na vyama wakapanga mgomo siku ya tarehe 21 Februari. Jioni ya tarehe 20 serikali ikapiga marufuku mikutano na maandamano kwa kifungu cha 144, sheria waliyoirithi kwa Mwingereza. Wazee wa chama hapa wanajua sheria za namna hiyo. Zamani za ukoloni hata sisi hatukukutana bila kibali.

Usiku ule kamati kubwa ya vyama vyote ilikaa. Walio wengi wakasema tusivunje amri, tutaipa serikali sababu. Sisemi walikuwa waoga. Mtu mzima hupima hasara. Matin alikuwa miongoni mwa wachache waliopinga, naye alitaka jambo liamuliwe na wanafunzi wenyewe kesho yake. Hapo ndipo ninapomsifu. Hakutoroka na kundi lake gizani. Alilirudisha neno kwa wanachama.

Asubuhi ya tarehe 21 wakakusanyika uwanjani pa Chuo, chini ya mwembe, Gaziul Haque akiwa mwenyekiti. Mjumbe wa kamati kubwa akaja kuwasihi, wakamsikiliza. Matin naye akasema yake. Wanafunzi wakaamua kutoka, lakini kwa vikundi vya watu kumi kumi. Polisi wakawakamata, wakawatupia moshi wa machozi. Alasiri, karibu na bweni la wanafunzi wa udaktari, polisi wakapiga risasi.

Sasa wengi hudhani waliokufa walikuwa wasomi tu. Abul Barkat alikuwa mwanafunzi, ndiyo. Lakini Abdus Salam alikuwa tarishi wa ofisi ya serikali, mtu wa kubeba barua. Aliumia siku ile akafa mwezi wa Aprili. Shafiur Rahman, aliyeuawa kesho yake, alikuwa mfanyakazi wa Mahakama Kuu. Siku hiyo ya pili watu wa maofisi, wa benki na wa redio waliacha kazi wakaingia barabarani.

Tena urafiki huo ulikuwa na mizizi. Mwaka 1949 wafanyakazi wa chini wa Chuo Kikuu kile, wafagiaji na matarishi, waligoma, na wanafunzi wakawaunga mkono. Mmoja wao, Sheikh Mujibur Rahman, alitozwa faini, akakataa kulipa, akafukuzwa chuoni. Huyo ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa Bangladesh ilipojitenga mwaka 1971. Mwezi wa Februari 1952 alikuwa gerezani, amegoma kula.

Katiba ya Pakistan ya mwaka 1956 ilikubali Kibengali kuwa lugha ya taifa pamoja na Kiurdu. Mwaka 1999 UNESCO ikaitangaza tarehe 21 Februari kuwa Siku ya Lugha ya Mama ya dunia nzima. Matin watu walimwita Matin wa Lugha mpaka alipofariki mwaka 2014, naye alikuwa ameutoa mwili wake ufundishie wanafunzi wa udaktari wa Dhaka.

Angalieni jambo moja. Wabengali hawakutaka Kiurdu kifutwe. Walitaka lugha yao nayo iwekwe. Na sisi hapa mpakani, Wakisii, Waluo na Wakipsigis katika mstari mmoja wa chai, hatusemi Kiingereza kiondoke. Mzee Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni mwaka 1974, na Katiba ya mwaka 2010 imekiandika kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini karatasi mezani kwa karani bado ni ile ile.

Nanyi sheria mnayo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, inasema kwamba mtu asiyejua kusoma, au asiyeelewa lugha ya mkataba, mwajiri ahakikishe ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa au kwa kazi mbaya, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama pale pale. Ukiitwa ofisini, sema: "Naomba nielezwe kwa Kiswahili," au kwa Ekegusii, na mwite mwakilishi kabla hujashika kalamu.

Jumapili ijayo leteni barua zote mlizopewa, hata zilizokunjwa kwenye sanduku. Vijana waliomaliza Kidato cha Nne watakaa na Katibu wazisome moja moja kwa sauti, na mwenye barua akiona alitia sahihi asichokijua, jina lake liandikwe.