Azola: Lishe ya Mifugo Kutoka Kidimbwi cha Nyumbani

(Mazungumzo ya afisa wa ugani na wafugaji)



Leo tuzungumzie azola. Ukiitazama utadhani ni ukoga unaoelea majini, kumbe ni jamii ya kangaga. Ndani ya majani yake huishi viumbe vidogo mno vinavyonasa nitrojeni kutoka hewani. Ndiyo sababu ina protini nyingi: ikikaushwa, karibu robo ya uzito wake ni protini.

Kuikuza si kazi ngumu. Chimba kidimbwi cha urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 20, mahali penye kivuli chepesi. Tandika karatasi ngumu ya nailoni isiyovuja. Mwaga kilo 10 hadi 15 za udongo uliochekechwa, uusawazishe. Koroga kilo 2 za samadi ya ng'ombe na gramu 30 za mbolea ya fosfeti katika lita 10 za maji, kisha umimine. Ongeza maji yafike kina cha sentimita 10, halafu tawanya kilo moja ya azola safi.

Baada ya wiki 2 hivi kidimbwi kitajaa, nawe utavuna takriban nusu kilo kila siku. Usipovuna, itasongamana na kuoza. Kila baada ya siku 10, toa robo ya maji uweke mapya. Majani yakiwa mekundu, jua ni kali, baridi imezidi au fosfeti imepungua.

Osha mavuno mpaka harufu ya samadi iishe, kisha uchanganye na chakula cha kawaida. Anza na kidogo ili mifugo izoee.

Sasa tuambiane ukweli. Azola mbichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Ile nusu kilo yako ikikauka haifiki gramu 50. Kidimbwi kimoja kitawasaidia kuku wachache; hakiwezi kumshibisha ng'ombe. Anayekuuzia mbegu kwa bei ghali akiahidi kwamba hutanunua tena chakula cha dukani, usimwamini. Anza na kidimbwi kimoja, andika gharama na mavuno ya mwezi mzima, ndipo uamue kuongeza.

Mambo matatu ya mwisho. Zungushia kidimbwi ua, kwa maana mtoto mdogo huweza kuzama hata kwenye maji machache. Usikuze azola kwenye maji taka, kwani hufyonza sumu za metali. Na usiitupe mtoni wala bwawani: huzaana upesi na kufunika maji. Taabu ambayo gugumaji limewaletea wavuvi wa Ziwa Victoria inatosha kutufunza.

Mwenye swali, afike katika ofisi ya kilimo na mifugo iliyo karibu naye.