Kuhifadhi Kumbukumbu Programu za Zamani Zinapokwama

(Haya ni maelezo ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya programu za zamani za kompyuta zinapokataa kufanya kazi katika mashine mpya. Naomba nianze mbali kidogo na visiwa vyetu, katika bonde la Kilombero, kwani huko ipo mifano miwili inayotufaa.

Mfano wa kwanza ni wa reli. Kidatu, penye mlango wa bonde hilo, hukutana reli mbili. Tawi la Reli ya Kati lina upana wa milimita 1,000, na reli ya TAZARA ina milimita 1,067. Kwa tofauti ya milimita 67 tu, behewa zima lenye shehena yake haliwezi kuvuka. Behewa si bovu wala reli si mbovu, ila kimoja hakikuundwa kwa ajili ya kingine. Ndiyo maana Kidatu palijengwa kituo cha kuhamishia shehena kutoka behewa moja hadi jingine.

Programu ya kompyuta ni kama behewa hilo. Ikitaka kufungua faili au kuchapa karatasi, huazima amri zilizokwishatungwa na kuwekwa ndani ya mfumo endeshi wa mashine. Hazina ya amri hizo huitwa maktaba. Mtengenezaji akiondoa amri moja, au akibadili namna ya kuiita, programu iliyoizoea hukwama. Kwa mfano, programu za Windows za biti 16, zilizoenea maafisini mwanzoni mwa miaka ya 1990, hazikubaliwi na Windows ya biti 64.

Mfano wa pili ni wa Ifakara. Mwaka 1996 watafiti wa afya walianza kuandikisha kaya za vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, kama zilivyokuwa wakati huo. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne, wakaandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Kwa kumbukumbu hizo, mwaka 2001 ilitangazwa kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza kwa asilimia 27 uhai wa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne.

Kumbukumbu hizo zilitunzwa katika programu iliyojengwa juu ya FoxPro. Mwaka 2007 Microsoft ilitangaza kwamba haitatoa toleo jipya la Visual FoxPro, na Januari 2015 ikasitisha huduma zake. Vijijini watoto waliendelea kuzaliwa na wazee kufariki. Daftari halikuweza kungoja. Taasisi ya Afya Ifakara ikahamia mfumo mwingine, OpenHDS, unaopokea taarifa zilizoandikwa papo hapo kwa vifaa vya mkononi.

Katika kuhama kwa namna hiyo, la kuchungwa kuliko yote ni namba ya kudumu ya kila mtu. Namba ya mtoto ikitengana na ya mama yake, au ya marehemu na ya nyumba yake, kumbukumbu za miaka mingi hubaki orodha ya majina tu.

Ndugu zangu, nasi yametufika. Katika afisi moja niliyopata kufanya kazi, mashine mpya ziliingizwa na za zamani zikatolewa siku hiyo hiyo. Orodha ya wastaafu haikufunguka tena, na mama mmoja mjane alikuja na kurudi wiki nyingi akiambiwa jina la mumewe halionekani. Karatasi zilizokuwa stoo ndizo zilizomwokoa.

Kwa hiyo nashauri mambo manne.

Kwanza, kila afisi iandike programu inazotumia, na maktaba ambazo kila programu inazitegemea. Faili za maktaba hizo zihifadhiwe pamoja na programu yenyewe.

Pili, mashine ya zamani isitolewe mpaka kazi ya mwezi mzima ifanywe katika mashine zote mbili na majibu yalingane. Mashine isiyopata tena marekebisho ya usalama isiunganishwe na mtandao.

Tatu, programu isiyoweza kuhama iwekwe katika kompyuta ya kubuni, yaani programu inayoiga mashine ya zamani ndani ya mashine mpya. DOSBox hufanya hivyo kwa programu za DOS.

Nne, na hili ndilo kubwa, kumbukumbu zitolewe kila mwaka katika maandishi ya kawaida yanayosomeka na programu yoyote, pamoja na maelezo ya kila safu. Behewa likikwama, shehena iweze kuhamishwa.

Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakutuambia tuukalie mbachao mpaka uoze. Walitutahadharisha tusiutupe kabla hatujaupata mwingine wa kuukalia. Mashine ni mali ya afisi na hubadilishwa. Kumbukumbu ni haki ya mwananchi, nayo haina budi kufika salama kila tunapohama.