MAZUNGUMZO YA KATIBU: TUPANDE JUU YA MAPAA KABLA YA MASIKA

(Haya aliyasema Katibu katika mkutano wa wanaushirika. Yameandikwa hapa ubaoni kwa faida ya wale waliokuwa shamba siku hiyo.)



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya nyumba zetu. Habari ya mbegu na mbolea ataisema Mwenyekiti mwenyewe, kwa hiyo msiniulize mimi. Mimi ni nyumba tu.

Sote tunaijua methali ya ufa na ukuta. Tunaisema harusini, tunaisema barazani tukisuluhisha watu, tunamwambia kijana aliyeanza kunywa pombe. Lakini ufa wenyewe, ule ulioko ukutani, hakuna anayeushughulikia. Na wa kwanza ni mimi Katibu wenu. Nitaeleza yaliyonipata. Ni afadhali mnicheke hapa mbele yangu kuliko mnicheke nikishapita.

Mwaka 2022 paa langu lilianza kuvuja katika chumba cha mama yangu mzazi. Tone moja moja. Mke wangu akaweka sufuria. Mvua ikakatika, tukaondoa sufuria, tukasahau. Mvua iliporudi, sufuria nayo ikarudi. Mwishoni mwa mwaka 2023 zikaja mvua za El Niño, ambazo redio ilikuwa imetutangazia mapema, na mahali pa sufuria ikawekwa ndoo. Nikasema, nikivuna nitaita fundi.

Mama akaniambia, "Baba, usiku nasikia mchanga unamwagika ukutani." Nikamjibu, "Mama, hao ni panya." Akaniambia mara ya pili. Nikaleta paka. Ndiyo ndugu zangu, nilileta paka!

Usiku mmoja wa Aprili 2024 ukuta ule ukaangukia ndani. Matofali yakajaa juu ya kitanda chake. Mama hakuwemo. Alikwenda kumwangalia mjukuu wake aliyejifungua, akaonelea alale huko huko kwa sababu njia ilikuwa matope. Basi matope ndiyo yaliyomwokoa, siyo mimi mwanawe. Asubuhi alipofika akatazama kitanda, akanitazama mimi, wala hakusema neno. Angenigombeza ningeona nafuu.

Fundi akaja, akapanda juu, akashuka na msumari mmoja mkononi, kofia yake imeoza. Akasema, "Katibu, ni huu." Maji yalipita kwenye tundu la msumari, yakafuata mbao ya kenchi mpaka juu ya ukuta, yakaingia katika matofali ya udongo kidogo kidogo kwa miaka miwili. Palipo na unyevu na mchwa wakapanda. Niliuza mbuzi watatu. Nikanunua mbao, bati na misumari, nikamlipa fundi, na chumba hakikukalika mpaka Juni. Msumari wa bati mmoja mnajua bei yake. Ni wa kumtuma mtoto dukani.

Haya, sasa tujifunze.

Bati hupanuka kwa jua la mchana na kusinyaa kwa baridi ya usiku. Kila siku hivyo hivyo, mwaka mpaka mwaka, na msumari hulegea. Kwa hiyo hata nyumba iliyojengwa vizuri inataka kukaguliwa. Msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, siyo kwenye bonde, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Wako watu hapa kijijini mapaa yao yamepigwa misumari bondeni, na fundi aliyepiga wanamsifu mpaka leo!

Tone likianguka chumbani usidhani tundu liko juu yake. Maji hutembea na mbao, yakachoka ndipo yakaanguka. Fanya hivi: jua likiwa kali, funga mlango na madirisha, zima taa, tazama juu. Tundu litaonekana kama nyota. Pitisha unyasi mwembamba katika tundu hilo, atakayepanda juu atauona umesimama. Msumari uliolegea ng'oa, weka mwingine mnene zaidi, na chini ya kofia weka kiraka cha mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Kama mbao imeoza msumari hautashika, hapo ubadilishe mbao. Tundu dogo la kutu huzibwa na lami. Anayepanda akanyage penye mistari ya misumari, kwa sababu mbao iko chini yake. Akikanyaga katikati atalikunja bati, na tutakuwa tumeongeza tundu. Asipande bati likiwa limelowa, na ngazi ishikwe na mtu.

Sasa kuta. Nyumba zetu nyingi ni za udongo, na udongo si aibu, hukaa miaka mingi kama miguu yake ni mikavu. Tazameni chini ya ukuta upande wa upenu, pale matone ya paa yanaporukia. Mtaona ukuta umelika kama muhindi ulioguguswa. Hapo wekeni mawe au changarawe yanapoanguka matone, mchimbe kamfereji ka kupeleka maji mbali. Mama zangu, maji ya kuoshea vyombo tusiyamwage ukutani. Na akina baba, kuni na mabua tusiyaegemeze ukutani, maana hiyo ni ngazi ya mchwa. Ukiona njia zao za udongo zinapanda ukutani, zikwangue, kisha kesho utazame tena. Zikijengwa upya ujue wamo, fuata kichuguu chao ukichimbe.

Liko jambo moja ambalo wengi tunakosea. Mtu akiona ukuta wa udongo umepasuka hukimbilia saruji, anaona ndiyo maendeleo. Saruji na udongo haviendi pamoja. Udongo huvimba ukilowa na hupungua ukikauka, saruji haifanyi hivyo. Baada ya muda saruji hubanduka kama ganda, na nyuma yake maji yamejificha yanakula ukuta nawe huoni. Ukuta wa udongo uzibwe kwa udongo. Kwangua ulegevu wote, lowesha ufa kwa maji, shindilia udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, uache ukauke. Utapasuka kidogo, rudia tena. Kisha mkandike kama mama zetu wanavyojua.

Na nyufa si sawa zote. Mimi kisomo nilikipata ukubwani, katika darasa la watu wazima, nikiwa na watoto wanne. Siku hizi penseli yangu naitumia hivi: kwenye ncha mbili za kila ufa naweka alama, na pembeni naandika tarehe. Baada ya mwezi natazama. Ufa ukibaki ndani ya alama, nauziba mwenyewe. Ukivuka alama, hasa ule unaopanda mshazari kutoka pembe ya mlango au dirisha, basi msingi unasogea na hiyo ni kazi ya kumwita fundi. Hata asiyejua kusoma anaweza kuweka mstari wa mkaa. Lakini aje darasani pia.

Bawaba za milango na makomeo sitayasemea. Mafuta kidogo, basi.

Neno la mwisho kwa akina baba wenzangu. Nyumba ikijengwa tunasema "nyumba yangu". Ikivuja tunamwambia mke "nyumba yako inavuja". Mwanamke hukandika ukuta kila mwaka, juu ya paa hapandi. Huko ni kwetu.

Ushirika unayo ngazi moja ndefu, iko kwa mtunza ghala. Haikodishwi. Mwenye kuichukua aandike jina na tarehe katika daftari, airudishe kabla jua halijatua, maana mara ya mwisho ilikaa kwa mtu wiki tatu ikianikiwa nguo. Wazee wasio na kijana wa kupanda waniambie mimi au mjumbe wao. Jumamosi asubuhi vijana sita watakuja na nyundo, tutaanzia kwa bibi wa nyuma ya kisima, kisha twende tukishuka na mtaa. Mwenye misumari aje nayo, mwenye tyubu kuukuu aje nayo.

Mama yangu ameniagiza niwaambie kwamba yule paka bado yupo na hajakamata panya hata mmoja.