MIGUU YETU NA KAZI YA KUSIMAMA
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama na jamaa zao, Sigalagala, Kakamega)



Tumeombwa tuseme habari ya mishipa ya miguu, ile inayovimba na kujipinda chini ya ngozi kama mizizi ya mti iliyotokeza njiani. Sisi si madaktari. Sisi ni watu wa relwe, na wengi wetu tuliishia shule ya misheni. Lakini haya tumeyauliza kwa waganga wa hospitali, tumeyasoma, na tena tumeyaona katika miguu ya wenzetu. Hapa Sigalagala hapapiti reli. Njia ya Kisumu kwenda Butere inapita kule Luanda na Yala. Hata hivyo, nyumba nyingi za hapa zina mtu wa relwe, au aliyekuwa wa relwe, na ndiyo sababu tumekuja.

Kwanza tujue damu inavyosafiri. Moyo huisukuma damu mpaka kwenye vidole vya miguu. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda. Damu inaporudi juu husaidiwa na shavu la mguu: tukitembea, nyama ile hukaza na kulegea, ikaikamua mishipa kama mkono unavyokamua chuchu ya ng'ombe. Na ndani ya mishipa ile mna vilango vidogo vinavyofunguka upande mmoja tu, damu ipande isirudi. Mtu akisimama bila kutikisika, shavu la mguu limelala, na uzito wa damu yote iliyo juu hukaa juu ya vilango. Siku moja si neno. Miaka kumi ni neno. Vilango vikilegea, damu hurudi chini, mshipa hupanuka, na ukipanuka vilango havikutani tena. Ndipo ugonjwa unapojizidisha wenyewe.

Kusimama si sababu peke yake. Wengine wamerithi kwa wazazi wao. Mama zetu hupata wanapochukua mimba, na mara nyingi mishipa hupungua baada ya kujifungua. Basi asikimbilie kupasuliwa, angoje. Uzee huleta, unene huleta, na damu iliyowahi kuganda ndani ya mguu huleta pia. Lakini kazi ina fungu lake. Huko Denmark wafanyakazi walifuatwa kwa miaka 12, na majibu yakachapishwa mwaka 2005: waliokuwa wakisimama sehemu kubwa ya siku ya kazi walilazwa hospitali kwa ugonjwa huu karibu mara mbili ya wenzao. Hayo si maneno ya mvivu anayetafuta kiti.

Angalieni, tumesema kusimama, hatukusema kutembea. Mtu wa gengi anayetembea na nyundo akikagua njia, mguu wake unafanya kazi ya pampu. Anayeumia ni yule wa kulinda lango la barabara, yule wa kukata tikiti, fundi wa karakana asiyeondoka penye mashine yake, na wale wa treni mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, wanaosimama mlangoni wima kama nguzo. Na mwalimu, na kinyozi, na mama anayeuza pale Khayega. Hata tukienda Malinya kutazama fahali wakipigana, anayecheza isukuti hadhuriki miguu. Anayedhurika ni sisi tunaosimama tangu alfajiri tukitoa hukumu juu ya fahali wa watu.

Dalili ni hizi: mguu kuwa mzito jioni, kifundo kuvimba na soksi kuacha alama, kuwashwa, na shavu kukakamaa usiku. Wako watu wenye vinyuzi vyembamba tu, vyekundu au vya samawati, kama utando wa buibui. Hivyo kwa kawaida havina hatari, ni habari ya sura. Kwa ngozi yetu nyeusi havionekani sana, na hata mishipa mikubwa huweza kutupita macho. Basi msitazame tu. Simameni wima, mpapase kwa mkono. Tena tazameni upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Ngozi pale ikizidi weusi na kuwa ngumu kama ngozi ya ngoma, hiyo ni ishara nyekundu. Baada ya hapo huja kidonda.

Juu ya kidonda yafaa tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wetu wanapopotea. Mwenzetu mmoja, mlinzi wa lango la reli, alikaa na kidonda miaka miwili. Nyumbani aliambiwa kwamba amekanyaga dawa ya mchawi. Akapigwa chuku, akachanjwa kwa wembe juu ya mshipa wenyewe. Dukani akauziwa vile vidonge vya rangi mbili, akavipasua akamwaga unga juu ya kidonda kila asubuhi. Kazini akaambiwa ananuka, akaachishwa. Alipofika hospitali, nesi alikiosha kidonda kwa maji safi, akakifunika, akampima mapigo ya damu ya mguuni, kisha akamfunga bendeji ya kukaza toka vidole hata chini ya goti. Ikabadilishwa kila juma. Katika miezi minne kidonda kikafunga. Kilichoponya si unga. Kilichoponya ni kule kukaza, maana damu ilipata tena njia ya kupanda. Mguu ulipona, kazi hakurudishiwa.

Lakini mtu asijifunge mwenyewe kwa nguvu. Mwenye kisukari, au mwenye miguu baridi isiyofikiwa vizuri na damu, aweza kupoteza mguu kwa bendeji hiyo. Lazima apimwe kwanza. Ziko pia soksi za kukaza, nazo hupimwa kwa mguu wa mtu. Huvaliwa asubuhi kabla ya kuteremka kitandani, huvuliwa usiku.

Mshipa ukipasuka ukatoa damu, usikimbie wala usifunge kamba juu yake. Lala chini, inua mguu juu kuliko moyo, kandamiza kwa kitambaa safi, kisha upelekwe hospitali. Na mguu mmoja ukivimba ghafula, ukawa na moto na maumivu, huenda damu imeganda ndani. Nenda siku hiyo hiyo. Ukishikwa na kifua au pumzi ikakatika, hapo ni mbio, usingoje matatu ijae.

Kuhusu kuponya mshipa wenyewe: dawa za kupaka zinazouzwa ndani ya mabasi haziondoi mshipa uliopanuka, zinaondoa shilingi. Daktari hupima kwanza kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kama ile wanayopimwa wajawazito. Kisha aweza kuchoma mshipa mbovu kwa joto la leza kutoka ndani, au kupiga sindano ya dawa inayoufunga, au kuung'oa kwa upasuaji wa zamani. Watu huuliza, mshipa ukifungwa damu itapita wapi? Sisi wa relwe tunajua: njia ya kando ikiharibika hufungwa, na treni hupita njia kuu. Njia kuu ya damu iko ndani kabisa ya mguu. Ila ni lazima ihakikishwe kwamba njia kuu ni wazi kabla ya kufunga ile ya kando. Mishipa mingine huweza kutokea baadaye. Si kila hospitali ina mashine hizo. Ulizeni Kakamega kabla ya kulipa nauli ya mbali, na ulizeni SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, italipa kiasi gani.

Tusipoumwa sana, tunyanyue visigino na kuvishusha tukiwa kazini, tutembee kidogo kila saa, na jioni tulale na miguu juu ya mto.

Sasa habari ya kiti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kazi aweke mahali pa kukaa kwa wafanyakazi ambao kazi yao yawapa nafasi ya kukaa bila kuiharibu. Mlinzi wa lango ana nafasi hiyo kati ya treni na treni. Mkata tikiti anayo siku nzima. Bado nyapara fulani akiona stuli huipiga teke, ati mtu amelala. Tunataka orodha: kazi gani, saa ngapi za kusimama, kiti kipo au hakipo. Majina ya wagonjwa hatuyataki. Karatasi ziko kwa karani wa tawi. Zirudishwe kabla ya mkutano ujao, nasi tutazipeleka kwa wakubwa pamoja na sheria yenyewe mkononi.