GHALA LISIJENGWE BONDENI
(Maneno ya Katibu wa Tawi kwa wanaushirika)

Ndugu wanaushirika,

Kiwanja tulichopewa cha ghala la korosho kipo bondeni, kwenye udongo mweusi. Udongo huo, huku Nachingwea hata kule Ruangwa, tunaujua: mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka hata mkono unaingia. Msingi wa kawaida utainuka huku, utashuka kule, ukuta uchanike.

Dawa yake ni zege moja pana lenye nondo, litandazwe kama jamvi chini ya jengo zima, ili lote liende pamoja. Haya, nondo zote hizo nani atalipa?

Waingereza walileta mradi wa karanga hapa Nachingwea, udongo hawakuuchunguza vya kutosha, 1951 ukafutwa.

Sisi tunasema ghala lipande juu, kwenye udongo mwekundu. Bonde tulime mpunga. Mwenye eneo huko juu aje ofisini Jumamosi asubuhi.