Dhahabu ya Geita na Jedwali la Kusomea Nyota

Mhadhara huu unajadili swali moja: dhahabu isiyoweza kuguswa hutambuliwaje? Jibu linaanzia ardhini. Katika masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019, yakiwemo ya Geita na Shinyanga, dhahabu ya mchimbaji mdogo hupimwa kwa kifaa cha eksirei. Kila elementi, ikipigwa na miale hiyo, hutoa miale yake yenye nishati maalumu. Ile ya dhahabu, elementi yenye protoni 79, ilikwisha kupimwa maabarani na kuorodheshwa. Kazi ya kifaa ni kulinganisha tu. Pasipo orodha, mchimbaji na mnunuzi wangebaki kubishana.

Wanafalaki wamo katika ubishi wa namna hiyo. Tarehe 17 Agosti 2017 yalinaswa mawimbi ya uvutano kutoka nyota mbili za nyutroni zilizogongana katika galaksi NGC 4993, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 130. Migongano ya aina hiyo huhesabiwa miongoni mwa matanuri yaliyofua dhahabu ya ulimwengu, pengine na hii iliyomo katika miamba ya kale ya Geita. Mwanga wa tukio hilo ulihamia infraredi siku hadi siku, kwa kuwa atomi nzito, hususan lanthanidi, zina mistari mingi mno inayofyonza mwanga uonekanao.

Ili kuusoma mwanga huo, yahitajika kujua urefu wa wimbi wa kila mstari, uwezekano wa elektroni kushuka kutoka ngazi moja ya nishati hadi nyingine, na athari ya migongano baina ya elektroni na ioni. Kwa ioni nyingi nzito, data hizo ni haba, au zimekokotolewa bila kuthibitishwa maabarani. Isitoshe, mata hutawanyika kwa kasi kubwa hata mistari ikapanuka na kupandana. Strontiamu ilitambuliwa mwaka 2019 katika spektra za tukio hilo. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilionyesha, katika tukio jingine, mstari wa karibu mikromita 2.15 unaohusishwa na teluriamu. Dhahabu yenyewe bado haijathibitishwa.

Kazi hii si ngeni kwa Kiswahili. TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, iliipa kila dhana jina la kutambulika kwalo. Kupima ioni mojamoja, kama kuunda istilahi, hakuna shangwe. Hata hivyo, mwanga ulikwisha kufika. Kinachosubiriwa ni jedwali la kuusomea.