Nani Anabaki Saiti Mhandisi Akiondoka?

Msikilizaji, ukipita kando ya ghorofa linalojengwa, iwe Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, simama kidogo usome bango. Utakuta jina la mmiliki, mbunifu majengo, mhandisi wa miundo, mkadiriaji majenzi, na mkandarasi pamoja na namba yake ya usajili. Wataalamu hao kila mmoja ana bodi inayoweza kumwita na kumhoji. Sasa chungulia ndani ya uzio wa mabati. Yule anayewapanga vibarua saa moja asubuhi, anayepokea lori la kokoto, anayeamua nondo zifungwe vipi na mirunda ing'olewe lini, jina lake halipo kwenye bango. Mara nyingi hata cheti hajaulizwa.

Ndiye ninayetaka kumzungumzia leo: fomeni, msimamizi wa saiti. Nasema asisimamie ghorofa mtu asiye na leseni. Na sababu yangu siyo ile tunayoisikia kila siku, kwamba mafundi wetu hawajasoma. Wapo ambao hawakukanyaga chuo na wanaijua kazi kuwashinda wenye stashahada. Tatizo ninaloliona mimi ni kwamba msimamizi asiye na leseni hana ubavu wa kukataa.

Twende saiti siku ya kumwaga slabu. Mchanganyiko uliozoeleka ni moja kwa mbili kwa nne: saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne. Asubuhi mambo yanakwenda vizuri. Ikifika saa saba mchana, jua limewaka, zege limekuwa zito, na vijana wanaopandisha ndoo wamechoka. Mmoja anapaza sauti, "Fundi, ongeza maji bwana, linagoma!" Ndoo inamwagwa, zege linalainika, kazi inakimbia. Yale maji yaliyozidi saruji haiyahitaji. Yatakauka baadaye na kuacha vitundu vidogo ndani ya zege, na nguvu yake itashuka. Kwa macho huoni kitu. Slabu itatoka laini, itapendeza, tajiri atakuja na simu yake apige picha.

Mhandisi yuko wapi saa hiyo? Alifika asubuhi, akakagua nondo, akasaini, akaondoka. Ana saiti nyingine mbili za kuzungukia na foleni ya kupambana nayo. Aliyebaki ni fomeni na vibarua wake.

Na maji ni kosa dogo. Kuna nondo. Mchoro unataka milimita 16, dukani bei imepanda, zinaletwa za milimita 12. Masikioni ni tofauti ya milimita nne tu, lakini ukipiga hesabu ya eneo la mkato wa chuma chenyewe, umepoteza zaidi ya asilimia 40. Kuna ringi zilizotakiwa kukaa kila baada ya sentimita 15, zikafungwa kila baada ya 30 ili kazi iishe Ijumaa. Zege likishafunika, nani atafukua?

Halafu kuna mirunda. Hapa ndipo ninapopata wasiwasi kuliko pote. Zege halikomai kwa siku mbili. Nguvu yake hupimwa ikifika siku ya 28, na wiki ya kwanza linakuwa limefikia kama theluthi mbili, tena kama limemwagiliwa maji inavyotakiwa. Lakini mirunda na mbao za kukodi zinalipiwa kwa siku, na ghorofa ya juu inazisubiri. Simu inaita: "Hivi hayo magogo bado yapo tu? Hamishia juu, tuendelee." Mwambie tajiri huyo habari za siku 28 uone.

Jiweke kwenye viatu vya msimamizi, msikilizaji. Analipwa kwa siku au kwa wiki. Mkataba hana. Akigoma, jioni anaambiwa kesho asije, na kesho yake analetwa mwenzake asiyegoma. Akikubali, hapotezi chochote. Jengo likija kuanguka baada ya miaka mitano, yeye yuko Morogoro kwenye saiti nyingine, wala hakuna daftari lililoandika kwamba aliwahi kusimama pale. Kwa hesabu hiyo, mtu mwenye watoto wa kulisha atakubali tu. Leseni inaigeuza hesabu. Mwenye kadi yenye picha na namba, aliyoitafuta kwa miaka na ambayo anaweza kunyang'anywa, anaweza kujibu, "Bosi, nikitoa mirunda leo nafutiwa leseni." Na bosi akimfukuza, sheria imlazimishe kumleta mwingine mwenye leseni, ambaye naye anaogopa kuipoteza.

Dereva wa basi la abiria 60 tunamdai leseni ya daraja lake, na askari wa barabarani anaweza kuidai popote. Jengo la ghorofa sita linabeba watu wengi kuliko basi, usiku na mchana, kwa miaka 50.

Tumeshazika. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar es Salaam liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo. Lile lilikuwa jengo linalotumika, lina maduka, na wafanyabiashara walieleza kwamba chini yake kulikuwa na kazi ya uchimbaji. Zaidi ya watu 20 walikufa. Serikali ikaunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo, na wamiliki wakafikishwa mahakamani. Kila mara tunauliza jengo ni la nani na kibali alitoa nani. Ni maswali ya haki. Lakini mara chache utasikia tukiuliza: siku ile, pale chini, nani alikuwa na mamlaka ya kusema "acheni"?

Afrika Kusini waliuliza. Mjini George, tarehe 6 Mei 2024, jengo la ghorofa tano lililokuwa linajengwa lilianguka na watu 34 wakapoteza maisha. Uchunguzi ukaja kueleza kwamba mtaalamu wa usalama wa mradi ule alikuwa amejiuzulu kabla kwa sababu ya mashaka yake, na kazi ikaendelea. Alikuwa na uwezo wa kuondoka. Lakini kuondoka kwake hakukuisimamisha kazi. Kwa hiyo leseni ninayoidai ije na mamlaka ya kusimamisha kazi: msimamizi akisimamisha zege kwa maandishi, lisimame mpaka mhandisi afike, na asifukuzwe kwa sababu hiyo.

Majirani zetu Kenya walishaandika. Sheria yao ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2011 inawataja mafundi na wasimamizi wa saiti kwa majina ya kazi zao, na kutaka wathibitishwe. Hata hivyo, Aprili 2016 jengo la Huruma, Nairobi, lililojengwa kando ya mto, lilianguka na kuua watu wapatao 50. Sheria bila mkaguzi anayeingia saiti bila kupiga hodi ni karatasi. Nalikubali hilo, na sitaki mtu anijibu kwamba basi tusihangaike.

Hofu ninayoiheshimu zaidi ni ya mafundi wenyewe. Wanasema leseni itakuwa mtego: mtihani wa Kiingereza, ada kubwa, rushwa dirishani, na mzee aliyejenga nusu ya mtaa anabaki nje huku kijana wa chuo akimwamuru. Hofu hiyo ina msingi, na inajibika. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi anapimwa kwa anachokijua, akionekana ana pengo anafundishwa, kisha anapewa cheti. Msimamizi naye apimwe hivyohivyo, kwa Kiswahili, saitini. Apewe mchoro ausome. Aonyeshwe nguzo iliyofungwa vibaya aseme kasoro iko wapi. Aulizwe atafanya nini tajiri akipiga simu. Insha hatuihitaji.

Tuanze na majengo ya ghorofa, nyumba ya vyumba vitatu ya fundi wa mtaani tuiache kwanza. Bodi ya Usajili wa Makandarasi inao wakandarasi kwenye daftari. Kila mradi wao utaje msimamizi wake kwa jina na namba, na akibadilishwa, bodi ijulishwe. Kuhusu ada, isizidi bei ya mifuko michache ya saruji, na ailipe mkandarasi.